Siku Mashine ya Ndengu Ilipofungwa Utepe

Kadi ya biashara ya Kiilu Mutie ilikuwa na cheo kirefu kuliko kampuni yenyewe. "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mkuu, PuraSasa Limited," ilisema kwa herufi za dhahabu, na chini yake kulikuwa na nambari tatu za simu, zote zikilia katika mfuko mmoja wa suruali. Kampuni ilikuwa mashine mbili za kupura ndengu, kila moja imefungwa juu ya trela ndogo inayovutwa na pikipiki. Ilikuwa pia na binamu yake Mulwa, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, fundi na idara nzima ya usafirishaji. Aliyebaki ni Kiilu mwenyewe, na wakati wa mavuno mkurugenzi mkuu alitembea na vumbi la maganda hadi ndani ya masikio.

Lakini tusimcheke mapema, maana wazo lake lilikuwa zuri. Pale Kathonzweni ndengu hukomaa shamba zima kwa mpigo mmoja. Mwenye shamba hung'oa, huanika, hutandika turubai, kisha majirani huitana, kila mmoja na fimbo yake, wakayapiga maganda kutwa nzima hadi mabega yakawaka moto. Mashine ya Kiilu ilimfuata mtu shambani kwake. Ulipiga simu, ukapewa siku, pikipiki ikaja inavuta trela, na kazi ya siku mbili ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Kwenye hiyo chai Kiilu alikuwa akitia chumvi, lakini kidogo tu. Msimu huu wa Februari simu zilikuwa nyingi kuliko siku za wiki. Alihitaji mashine nyingine nne, na hakuwa na pesa ya hata nusu ya moja.

Tena kulikuwa na barua. Kiilu alisomea ualimu, hisabati na fizikia, akangoja kuajiriwa miaka saba. Mwaka wa nane, alipokuwa amekwisha kusahau kungoja, barua ikaja: shule moja ya upili huko kaskazini mwa Kitui, aripoti kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatatu tarehe kumi na sita, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mamake, Nduku, aliipokea kwa machozi. Alikuwa amemsomesha kwa kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, na kwa hesabu yake kila kiondo kilichouzwa ni ukurasa mmoja wa ile digrii. Aliitia barua ndani ya Biblia yake na kuifunga Biblia kwa mpira.

Wakapatana, mama na mwana. Kiilu akipata mwekezaji kabla ya Jumatatu hiyo, abaki na mashine zake. Asipopata, apande basi la saa kumi na mbili asubuhi akafundishe, na asilalamike.

Mwekezaji mwenyewe, Kiilu alikuwa amemwona mara moja tu, mjini Wote, siku ya mwisho ya mafunzo ya vijana wenye biashara changa. Kiilu alipanda jukwaani na picha thelathini na mbili za kompyuta. Katika mojawapo mstari wa mapato ulipanda wima kama njia za milima ya Mbooni. Alisema "trakshen", neno la Nairobi la biashara iliyoshika kasi, mara tisa. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja mnene mwenye buibui na miwani, akitafuna njugu kutoka kwenye karatasi. Huyo ndiye Bi Shufaa Faki, muuza nafaka wa mjini Kitui. Ukoo wake ulitoka pwani vizazi vitatu nyuma, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wote waliokuwa ukumbini. Alikuwa ametia pesa zake katika duka la mikate kule Mwingi na kwa kijana wa asali kule Ikutha. Nairobi watu kama yeye huitwa malaika, kwa kuwa hutia pesa zao wenyewe mahali ambapo benki imekataa hata kuchungulia. Bi Shufaa alipoambiwa jina hilo alijibu kwamba yeye ana kisukari na goti bovu, mambo ambayo hajasikia malaika wakiugua.

Aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, hiyo mashine isipokwenda, nani anaumia?"

Kiilu akamweleza juu ya soko la ndengu la Afrika Mashariki nzima.

"Haya," akasema Bi Shufaa, akikunja karatasi yake ya njugu. "Nitakuja kuiona ikifanya kazi. Siku ya kawaida tu. Usijisumbue."

Wiki mbili baadaye akapiga simu. Angekuwa Ikutha Ijumaa akinunua ndengu, na Jumamosi angevuka hadi Kathonzweni. Jumamosi tarehe kumi na nne, siku mbili kabla ya barua kwisha muda! Kiilu aliruka hadi simu ikamtoka mkononi. Kisha akafanya kosa la kumwambia mamake.

Ni lazima umjue Nduku. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mweka hazina wa kanisa, na katika maisha yake alikuwa ameandaa harambee kumi na moja, za karo, za hospitali na moja ya paa la kanisa, zote zikafaulu. Kwake yeye, mtu mwenye pesa anayetoka mbali kuja kumsaidia mtoto wa mtu hapokewi kwa mikono mitupu.

"Mwaitu, huyu si mgeni wa harambee," Kiilu alimwambia mamake. "Ni investor."

"Anakuja na pesa?"

"Akipenda biashara."

"Na ataipenda aje, kama hakuna hata mtu wa kumwimbia?"

"Alisema siku ya kawaida."

"Yii! Kila mgeni anasema hivyo. Mimi nikienda kwa watu nasema sitakula, na wewe umeshaniona nikikosa kula?"

Na tuseme ukweli, Kiilu hakulitafuta sana jibu. Moyoni mwake aliliona hema la sherehe, akaliona jina la kampuni limeandikwa kwenye kitambaa, akajiona yeye mwenyewe katikati na suti ya mahafali. Aliona itapendeza. Alichukua daftari la wateja na kuwapigia mmoja mmoja wote waliokuwa wamepangiwa Jumamosi. Kwa sababu ya shughuli muhimu za kampuni, aliwaambia, hakutakuwa na kupura siku hiyo. Wengi walielewa. Mmoja alikata simu kabla hajamaliza.

Jumamosi ilipofika, boma la Nduku halikujulikana. Hema la bluu, viti mia moja vya plastiki, spika mbili kubwa za kanisa. Kuku walikuwa wamepelekwa mapema kwa Sufian, muuza nyama wa sokoni, awachinje, ili mgeni ale bila wasiwasi, na hapo Nduku alistahili sifa. Mashine moja ilisimama mbele ya hema. Akina mama walikuwa wameiosha kwa sabuni na ndoo nne za maji jioni iliyotangulia, wakaifunga utepe mwekundu kiunoni na baluni mdomoni, pale ndengu huingilia. Ya pili ilifichwa nyuma ya choo kwa kuwa rangi yake ilikuwa imebambuka.

Bi Shufaa alifika saa tano, anaendesha mwenyewe pikapu kuukuu lililojaa vumbi la Ikutha. Kwaya ikampokea langoni. Akashuka, akatazama hema, akatazama viti, akamtazama Kiilu na suti yake katika jua lile, akasema, "Kuna harusi?"

"Hapana, Bi Shufaa. Ni wewe."

"Alaa."

Akaketishwa kwenye kochi lililotolewa sebuleni, chupa ya maji mbele yake na ua la plastiki. Pasta Ndeti alishika kipaza sauti akaomba dua ndefu. Zikafuata shuhuda. Wateja waliopangwa tangu juzi walisimama kwa zamu. Wa kwanza alisema mashine hii imebadilisha maisha yake. Wa pili alisema hata usingizi wake umekuwa mzuri. Wa tatu, mzee ambaye hakuwa na shamba la ndengu, alisema amemjua Kiilu tangu utotoni na hajawahi kumwona akikosea. Sifa zile zilikuwa za mtu aliyekwisha kufa, na Kiilu alianza kutokwa na jasho shingoni.

Bi Shufaa aliinua mkono kama mwanafunzi. "Naomba kuuliza. Mashine imewahi kuharibika?"

"Hapana!" hema zima likajibu kwa pamoja.

"Hata siku moja?" alimgeukia Kiilu.

Mkanda ulikuwa umekatika mara nne tangu Januari. Wavu wa kuchuja ulikuwa na tundu ambalo Mulwa alilishona kwa waya. Kiilu aliona macho mia yakimngoja, mamake akiwa amekunja mikono kifuani kwa fahari, na akasikia mdomo wake ukisema, "Hata siku moja."

Bi Shufaa akaitikia kwa kichwa na kunywa maji kidogo. Kiilu aliyajua yale maitikio. Ndivyo watu huitikia wakiwa wameshaondoka moyoni.

Kisha kikapu kikaanza kupita. Kiilu hakuwa ameambiwa habari za kikapu. Kwaya ilipanga mstari ikicheza, akina mama wakatumbukiza noti za hamsini na mia, na Pasta Ndeti akatangaza kwamba sasa, baada ya wenyeji kujikaza kisabuni, mgeni wao wa heshima atawaonyesha njia. Kikapu kikatua mbele ya kochi. Muziki ukanyamaza. Kiilu alitamani ardhi ipasuke immeze, suti na yote.

Bi Shufaa akafungua pochi, akatoa shilingi mia mbili, akaziweka kwa adabu kabisa.

"Mia mbili," Pasta Ndeti alitangaza. Akatazama ndani ya kikapu kana kwamba nyingine zilikuwa zimejificha.

"Hiyo ni sadaka," Bi Shufaa alisema, bila ukali. "Nimekuta watu wanatoa, nami nimetoa. Ile nyingine niliyokuja nayo si sadaka. Mimi sili riba, na sitoi zawadi kwa biashara. Biashara ikipata, nami nipate. Ikipoteza, nami nipoteze pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo lazima nijue ninaingia wapi, na tangu nifike sijaona hata punje moja ya ndengu." Akamgeukia Nduku. "Mama, umenipokea vizuri kuliko ndugu zangu. Nitakula kuku wako, kisha nirudi Kitui kabla ya jua kuzama."

Kiilu aliketi kwenye ukingo wa kiti cha plastiki. Alikwisha kuliona basi la saa kumi na mbili asubuhi, akajiona dirishani. Hasira zilimpanda, si kwa mamake wala kwa mgeni, bali kwa yule jamaa mwenye kadi ya dhahabu aliyeambiwa siku ya kawaida akatengeneza maonyesho.

Hapo ndipo zogo likasikika langoni.

Gari la punda lilikuwa likilazimisha njia kati ya waimbaji. Juu yake kulikuwa na mlima wa ndengu kavu na maganda yake, na mbele yake, kamba mkononi, alitembea Mbithe wa kijiji cha pili, mama mwenye sauti iliyozoea kufukuza nyani shambani kutoka umbali wa kilomita. Ndiye aliyekata simu.

"Wewe Kiilu!" alifoka. "Uliniambia Jumanne. Jumanne ukasema mkanda umekatika. Ukasema Alhamisi. Alhamisi Mulwa akapata pancha. Ukasema Jumamosi, sasa Jumamosi uko na mkutano! Haya, nimekuja kwa mkutano!"

Pasta Ndeti alimsogelea kumtuliza. "Mama, tuna mgeni..."

"Mimi pia ni mgeni! Nipe kiti na unipurie ndengu! Jana kulikuwa na mawingu huko kwangu. Hii kitu ikinyeshewa, itaota hapo hapo kwa turubai, na nyinyi mnacheza!"

Nduku alimtazama Mbithe kwa macho ya kuua. Lakini Bi Shufaa, kwa mara ya kwanza siku ile, alisimama. Alitembea na goti lake bovu hadi kwenye gari la punda, akachukua ganda moja, akalivunja kwa ukucha.

"Mama," aliuliza, "kwani nyumbani huna fimbo? Si ndivyo watu wanavyopura siku zote?"

Mbithe akamwangalia kana kwamba ameulizwa kama hana jiwe la kusagia.

"Fimbo? Mimi nishike fimbo tena? Tangu huyu kijana aje kwangu mwaka jana, zile fimbo zote nilichoma nikapikia chai. Sasa ananiacha hivi hivi. Nitapura na nini, na meno?"

Bi Shufaa akavua miwani, akaipangusa taratibu kwa ncha ya buibui. Alipoirudisha alikuwa mtu mwingine. "Mkurugenzi," alisema, "mteja wako amefika."

Kiilu alivua koti. Alipasua baluni, akang'oa utepe, akavuta kamba ya injini. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Maji ya sabuni yalikuwa yameingia kwenye plagi. Akaifungua, na kwa kukosa kitambaa akaikausha kwa tai yake ya mahafali, akaipuliza, akairudisha, akavuta mara ya tatu. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Punda akaruka, kwaya ikakimbia, na vumbi la maganda likaanza kulishukia hema la bluu, viti, kochi na ua la plastiki.

Kiilu alilisha mashine kwa mikono miwili. Mulwa alishika gunia. Bi Shufaa alisimama karibu kabisa, akiuliza kwa kupaza sauti juu ya injini, na Kiilu, kwa kuwa alikuwa na kazi, hakupata nafasi ya kusema trakshen.

"Lita moja inapura magunia mangapi?"

"Manne! Kama maganda hayajakauka vizuri, matatu!"

"Kinachoharibika sana ni nini?"

"Mkanda! Nimebadilisha mara nne tangu Januari! Na huu wavu una tundu, unapitisha vijiwe, tumeushona kwa waya!"

"Mbona ulisema haijawahi kuharibika?"

Mikono ya Kiilu ikasimama. Injini iliendelea kunguruma tupu.

"Niliogopa," alisema, na safari hii hakupaza sauti, lakini Bi Shufaa alisikia.

Walipura gari zima, na saa nane mchana Mbithe alikuwa na gunia moja na nusu la ndengu safi, tukiondoa vile vijiwe ambavyo alivitoa kimoja kimoja akivionyesha kila mtu. Nyumbani alikuwa amebakisha mara tano ya zile. Akataka siku. Kiilu, uso wote mweupe kwa vumbi, alifungua daftari lake.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema, na hapo hapo akakumbuka.

Bi Shufaa aliiona ile sura. "Jumatatu kuna nini?"

Angeweza kusema hakuna kitu. Lakini alikuwa amekwisha kuona uongo wa mchana ule ulimfikisha wapi, na tena alikuwa amechoka. Akamweleza yote, barua, miaka saba, vyondo vya mamake, basi la saa kumi na mbili na mapatano yao. "Sikukuambia kwa sababu nilidhani ukijua nina kazi nyingine inaningoja, hutanipa kitu," alimaliza. "Sasa umejua. Ukisema leo utaingia, nitabaki."

Nduku alikuwa amesogea, Biblia kwapani. Hata Pasta Ndeti alikuwa amekaribia na kikapu chake. Bi Shufaa alimtazama mama, akamtazama mwana.

"Nitakujibu Jumanne," alisema.

"Lakini Bi Shufaa, barua inaisha Jumatatu!"

"Nimekusikia." Akamgeukia Mbithe. "Mama, nipe namba yako ya simu." Aliiandika nyuma ya kadi ya dhahabu ya Kiilu, akala kuku wake, akashukuru sana, akaondoka.

Usiulize Jumapili ile ilikuwaje. Nduku hakumlaumu mtu yeyote, na kutolaumu huko kulimwumiza Kiilu kuliko kelele zozote. Baada ya ibada alimpigia pasi mashati matatu, akayapanga kwenye begi na suti juu yake.

"Yule mama hajakukataa," alimwambia. "Lakini hajakukubali. Shule imekukubali. Mimi sijui mambo ya investor, Kiilu. Mimi najua mtu akikuita, unaenda."

"Mbithe pia ameniita, Mwaitu."

"Mbithe! Huyo aliyeniharibia sherehe?"

"Huyo. Alichoma fimbo zake."

Nduku akafunga zipu ya begi. Kiilu alikuwa akiogopa, na hakuona haya kujiambia hivyo. Alimwogopa Bi Shufaa, aliiogopa Jumanne, na zaidi aliogopa uso wa mamake. Mtu mwenye akili angepanda lile basi. Lakini kila alipofumba macho alimwona Mbithe amesimama mbele ya rundo la ndengu chini ya mawingu, mikono mitupu, kwa sababu mwaka jana alimwamini mtu fulani kupita kiasi.

Jumatatu basi liliondoka saa kumi na mbili. Kiilu alilisikia honi yake akiwa amelala chini ya trela anabadilisha mkanda. Alifika kwa Mbithe saa moja na nusu, na alipokewa jinsi anavyopokewa mtu aliyefika saa moja na nusu.

Walipura asubuhi nzima. Majirani walikuja kuangalia, wakabaki kuulizia siku zao. Saa saba Nduku akatokea kwenye njia, sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe kichwani, Biblia mkononi. Aliwapakulia wote, Mbithe akiwa wa mwisho na kijiko chake kikiwa kidogo, kisha akaketi juu ya jiwe na kuitazama mashine. Hakuwa amewahi kuiona ikifanya kazi ya siku nzima. Alikuwa ameiona imesimama, ameiosha, ameivalisha utepe, lakini hakuwa amekaa nayo. Aliona rundo likipungua. Aliwaona akina mama wa rika lake wamekaa wakisuka vyondo, mahali ambapo miaka yote wangekuwa wamesimama na fimbo.

Saa kumi alitoa barua, akaisoma, akairudisha. Saa kumi na nusu akaitoa tena. Kiilu alimwona kwa pembe ya jicho na akaendelea kulisha mashine, maana hakujua la kufanya. Simu ya Nduku ilionyesha saa kumi na moja kamili. Akaitazama hadi ikaonyesha na dakika moja. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Kisha akainuka, akaiweka Biblia juu ya jiwe, akamsukuma Mulwa pembeni.

"Unashikaje gunia hivi? Nusu inamwagika," alisema, akaushika mdomo wa gunia kwa mikono yake miwili.

Hawakuwa wamelijaza hilo gunia wakati simu ya Mbithe ilipolia. Aliiweka sikioni, akaziba sikio jingine, akapiga kelele ili asikike juu ya injini.

"Ee! Ee, ni mimi!... Amekuja! Lakini amechelewa nusu saa, na huo wavu wake bado unapitisha mawe, mwambie!... Hapana, hajaenda. Yuko hapa. Na mamake pia yuko hapa, ananinyima chakula!... Sawa. Sawa, nitamwambia."

Akakata. Kiilu akazima injini.

"Ni yule mama wa Kitui," Mbithe alisema. "Amesema jibu ni la kesho, kwa hivyo uende dukani kwake ulichukue. Ubebe huo wavu uliotoboka, kuna fundi wake atautazama kabla ya kutengeneza hizo zingine nne. Na amesema usivae suti."

Kiilu aliketi chini juu ya maganda.

"Zingine nne," Nduku alirudia polepole, gunia bado mikononi. Kisha akauliza, "Hakusema kama kwaya ije?"